Gari la Umeme: Gari Nalisifu, Muuzaji Nina Neno Naye

Gari lenyewe ni zuri. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu mengi yanayofuata ni lawama, na sitaki mtu asome nusu kisha aondoke akidhani namkataza kununua gari la umeme. Ni gari la familia la milango mitano, betri ya kilowati-saa 60, mota moja inayozungusha magurudumu ya mbele, na tangu nianze kuliendesha sijatamani kurudi kwenye petroli. Alama za chini nazitoa kwa kile kipindi cha katikati, kuanzia kulipa arubuni hadi kukabidhiwa funguo. Kipindi hicho nacho ni sehemu ya bidhaa: umekilipia, na humo ndimo unamomjua uliyefanya naye biashara. Muuzaji simtaji jina, maana niliyoyaona kwake nimeyasikia pia kwa watu walionunua kwingine, na ninachotaka ni mnunuzi ajaye ajue la kuuliza.

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu. Nimezoea kuuliza karatasi iko wapi, imesainiwa na nani, ina tarehe gani. Mazoea hayo yalinifaa sana katika ununuzi huu.

Kwanza, kwa nini gari hili. Nililijaribu barabarani nikiwa na mama yangu, ambaye ni abiria wangu wa karibu kila siku na ambaye kifua chake hakipatani na moshi. Kabla hatujaondoka aliingia, akatoka, akaingia tena, kisha akasema, "Mwanangu, hili naingia bila kushikwa mkono." Betri ya gari la umeme hulazwa chini ya sakafu, kwa hiyo viti huinuka kidogo, na kwa mtu mwenye maumivu ya magoti urefu ule ni neema. Hasara yake utaikuta nyuma: sakafu imeinuka, kiti cha nyuma hakikuinuka kwa kiasi hicho, na mtu mrefu hukaa magoti yakiwa juu. Mume wangu ni mrefu. Safari ndefu hakai nyuma.

Yeye hofu yake ilikuwa betri. "Simu huchoka baada ya miaka michache," aliniambia, "sembuse gari linaloungua jua kutwa?" Swali halali kabisa, na hapo ndipo ningemtaka mnunuzi yeyote atulie asome. Betri za lithiamu-ioni, zinazotumika kwenye simu na magari, ziliingia sokoni mwaka 1991, na si za aina moja. Mbili zilizoenea kwenye magari ni ile yenye nikeli, manganizi na kobalti, inayoitwa NMC, na ile ya lithiamu, chuma na fosfeti, inayoitwa LFP. Hii ya pili ilielezwa mwaka 1997 na kundi la John Goodenough, mwanasayansi ambaye mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa kazi yao juu ya betri za lithiamu. NMC hubeba umeme mwingi zaidi kwa uzito uleule. LFP ni nzito zaidi na kwenye baridi kali huchaji polepole, lakini huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka, haina kobalti, na ni ngumu zaidi kushika moto. Nilichagua LFP. Dhamana yake ni miaka 8 au kilomita 160,000, kipi kitatangulia, na mtengenezaji anaahidi kwamba ndani ya muda huo uwezo wa betri hautashuka chini ya asilimia 70. Nilimsomea mume wangu ukurasa ule neno kwa neno, pamoja na yale maandishi madogo ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tuendelee.

Kipeperushi kilinipa kazi nyingine. Ukurasa wa mbele ulisema gari linakwenda zaidi ya kilomita 500 kwa chaji moja. Ndani, kwenye jedwali, iliandikwa 430. Nilipouliza, kijana wa mauzo alisema zote ni sahihi, na kweli zote ni sahihi, ila kila moja ina kipimo chake. Ile ya mbele ni ya CLTC, kipimo cha China, ambacho mwendo wake ni wa polepole na wa kusimamasimama, hali inayoipendelea mota ya umeme. Ile ya ndani ni ya WLTP, iliyoanza kutumika Ulaya mwaka 2017 kuchukua nafasi ya kipimo cha zamani cha NEDC. Hakuna kati ya hizo inayokuambia gari litakwenda umbali gani ukishika kilomita 120 kwa saa kwenye barabara kuu, kiyoyozi kimewashwa na watu wanne ndani. Muuzaji aliyenyooka angetanguliza 430 na kuongeza kwamba kwa mwendo huo mnunuzi atarajie kama 300. Mimi hesabu hiyo niliifanya mwenyewe.

Sasa mkataba. Mdomoni niliambiwa, "Mama, hata wiki 10 hazifiki." Kwenye karatasi iliandikwa kwamba muda wa kufikishiwa gari unakadiriwa kuwa wiki 10 hadi 12, na kwamba makadirio hayo yanaweza kubadilika bila taarifa. Mistari michache chini yake, bei nayo ingeweza kubadilika hadi siku ya ankara. Chini zaidi, mtengenezaji alikuwa na haki ya kubadili vifaa vya gari. Na arubuni hairudishwi. Ukizisoma sentensi hizo nne kwa pamoja unaona kwamba aliyefungwa na mkataba ni mmoja tu, naye ni mnunuzi.

Sikusaini siku hiyo. Nilirudi na kipande changu: bei isipande baada ya kusaini, vifaa vikibadilika nijulishwe na niwe huru kujitoa, na muda ukipita miezi sita bila gari, arubuni irudi yote nikiitaka. Kijana akasema mkataba ni wa makao makuu na haubadiliki. Nikamwomba aniitie meneja. Meneja aliusoma, akapiga simu, akarudi, akakubali, tukaandika kwa kalamu pembeni mwa ukurasa, na wote wawili tukasaini pale pale. Nakusihi msomaji, omba. Muuzaji anataka oda yako, na wakati wa kuomba ni kabla hujalipa.

Baada ya hapo ukaja ukimya.

Nilikuwa nimepewa programu ya simu ya kufuatilia oda, yenye hatua nne: oda imepokelewa, katika uzalishaji, safarini, tayari kuchukuliwa. Hatua ya pili iliwaka mapema, nikafurahi. Kisha ikabaki hapo hapo. Wiki ya kumi ikapita, ya kumi na mbili ikapita, na hakuna aliyenipigia. Nilipopiga mimi, jibu lilitegemea aliyepokea. Mara ni vifaa vya kielektroniki vimeadimika kiwandani, mara ni meli, mara ni foleni bandarini. Na kila maongezi yalifungwa kwa "subira yavuta heri, mama."

Naiheshimu subira. Nimelelewa nayo. Lakini subira aombwe mtu aliyeambiwa anachosubiri.

Sababu zile zote zina ukweli duniani, na sitaki mtu azibeze. Mwaka 2021 viwanda vingi vya magari vilisimamisha kazi kwa kukosa chipu. Mwaka huohuo mwezi Machi, meli ya Ever Given ilikwama na kuziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Februari 2022 meli ya kubeba magari iitwayo Felicity Ace ilishika moto karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari takriban 4,000, na tarehe 1 Machi ikazama, na watu waliokuwa wamesubiri miezi wakaanza kusubiri upya. Novemba 2023 meli nyingine ya magari, Galaxy Leader, ilitekwa Bahari ya Shamu, na tangu hapo meli nyingi zinazotoka Asia kwenda Ulaya zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, mzunguko unaoongeza takriban wiki mbili. Biashara ya kusafirisha magari imebanwa kiasi kwamba kampuni ya magari ya BYD iliamua kuwa na meli za kubeba magari yake yenyewe, na ya kwanza, inayobeba magari 7,000, ilianza safari Januari 2024.

Hayo yote ni kweli. Ila tatizo lililotokea baharini si lazima liwe ndilo lililolichelewesha gari langu, na muuzaji asiyejua gari liko wapi hana haki ya kuokota sababu gazetini akanipa mimi. Nilimwambia kijana hivyo, kwa utulivu: kama hujui, niambie hujui, nitakuheshimu zaidi.

Nilichokuwa nakitaka ni namba ya chesisi. Kila gari lina namba yake, kwa kawaida ya herufi na tarakimu 17, isiyokuwa na herufi I, O wala Q ili zisichanganywe na 1 na 0. Za mwanzo zinataja nchi na mtengenezaji, za katikati aina ya gari, za mwisho ni mfululizo wa gari lenyewe. Kabla ya namba hiyo unayo oda tu. Ikishatoka una gari, chuma chenye jina, na mtu yeyote kwenye mnyororo ule anaweza kulitafuta akaona limefika wapi. Kila nilipoiulizia niliambiwa haijatoka.

Aliyenitoa gizani alikuwa kijana wa karakana, si wa mauzo. Nilikuwa nimekwenda kuuliza aina ya plagi ya gari ili fundi wangu wa umeme ajiandae. Yule kijana, akiwa bado na ovaroli, akafungua kompyuta yake kutazama oda yangu ili asinipe jibu la kubahatisha. Akatazama, akanyamaza kidogo. "Mama, mbona namba ya chesisi ipo? Ipo muda mrefu." Akanisomea, nikaandika. Sikumlaumu mtu pale, nilimshukuru tu, na nafikiri kijana huyo ndiye aliyeokoa jina la duka zima kwangu.

Jioni hiyo nilimwandikia meneja barua fupi ya swali moja: gari lenye chesisi namba hii liko wapi leo? Nikaambatanisha ule ukurasa wenye kalamu pembeni, maana mwezi wa sita ulikuwa umekaribia. Jibu lilikuja upesi kuliko lolote nililopata kabla. Gari lilikuwa limeshavuka bahari. Lilikuwa kwenye yadi ya bandari pamoja na mengine mengi, likisubiri kuwekewa programu mpya, kwa sababu mtengenezaji aligundua hitilafu katika mawasiliano ya gari na vituo vya chaji ya haraka na akaagiza lisikabidhiwe gari lolote kabla ya kurekebishwa.

Nililisoma jibu lile mara kadhaa. Hii ilikuwa sababu nzuri! Mtengenezaji anayezuia magari yake yadini kuliko kuwapa watu gari lenye kasoro ameniheshimu, na mtu angenipigia simu akaniambia hivyo, ningesubiri kwa moyo mweupe na pengine ningewasifu kwa majirani. Badala yake walinificha jambo la heshima na kunipa visingizio vya meli. Nilipomuuliza meneja kwa nini, alisema walihofia wateja wakisikia neno hitilafu watajitoa. Sikujitoa. Nilichomwambia ni kwamba tangu siku hiyo nitataka kila neno lake liwe kwenye karatasi.

Muda wa kusubiri si wa kukaa bure, hata hivyo. Kazi moja ni lazima ifanyike kabla gari halijafika, nayo ni umeme wa nyumbani. Soketi ya kawaida ya volti 230 ukiitumia kwa kiasi salama hutoa kama kilowati 2.3, na betri ya kilowati-saa 60 kuijaza kutoka chini itakula zaidi ya siku nzima. Isitoshe, soketi hizo hazikutengenezwa kubeba mzigo mkubwa kwa saa nyingi mfululizo. Zikiwa zimelegea hupata moto na kuyeyuka. Fundi wangu alivuta waya mnene wa peke yake kutoka kwenye boksi kuu, akaweka swichi yake ya kukata umeme ukivuja, akapima ethi, na tukafunga chaja ya ukutani ya ampea 32, yaani kilowati 7.4. Nikichomeka usiku, asubuhi betri imejaa. Kama unapanga nyumba, kamalizane na mwenye nyumba kabla hujalipa arubuni.

Siku ya kuchukua gari nilikataa kwenda jioni. Walinipa saa za magharibi, nikasema nitakuja kesho yake jua likiwa wazi, kwa sababu mikwaruzo na tofauti za rangi hazionekani kwenye taa za dukani. Rangi ilikuwa safi. Milango ilifunga kwa mstari mmoja, isipokuwa mlango wa buti uliokuwa umekaa upande kidogo, waliurekebisha nikitazama.

Yaliyonipa kazi yalikuwa mengine. Nilichuchumaa kusoma matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 3124 ni wiki ya 31 ya mwaka 2024. Matairi yote manne yalikuwa ya wakati mmoja, yakikubaliana na kibandiko cha tarehe ya kutengenezwa kwenye nguzo ya mlango. Tarehe hizo zilinionyesha kwamba gari liliunganishwa mwanzoni kabisa mwa kusubiri kwangu. Ule muda wote lilikuwa chuma kamili. Sikulikataa kwa sababu hiyo. Betri ya LFP iliyowekwa ikiwa na chaji ya wastani haidhuriki kwa miezi michache, na kwenye skrini ilionyesha chini kidogo ya theluthi, kiwango kizuri kwa gari lililosimama. Kinachoitesa betri ni kukaa imejaa kabisa kwenye joto. Lakini hati ya dhamana waliyoniandalia ilianza kuhesabu kutoka tarehe waliyolipokea wao. Nikaomba iandikwe upya kuanzia siku ninayokabidhiwa. Ilichukua muda, simu zikapigwa, ikaandikwa upya.

Kisha betri ndogo. Wengi hawajui kwamba gari la umeme nalo lina betri ya volti 12, kama la petroli. Ndiyo inayoamsha kompyuta, kufungua milango na kuiunganisha ile betri kubwa. Gari likilala, betri kubwa hutenganishwa kwa usalama, na hii ndogo hubaki ikihudumia vitu vidogovidogo hadi inaisha. Gari langu lilipowashwa lilitoa maonyo mfululizo, la breki, la usukani, la mfuko wa hewa. Fundi alisema ni betri ndogo tu, wameshaichaji asubuhi, yatafutika nikiendesha. Betri iliyowahi kuisha kabisa yadini haiaminiki tena, na gari la umeme ambalo betri yake ndogo imekufa halitembei hata kama ile kubwa imejaa. Niliketi. Nikasema nitasubiri wabadilishe. Walibadilisha, na maonyo yote yakaondoka, na mpaka naandika hayajarudi.

Upepo wa matairi ulikuwa umepita kiasi, bar 3.2 wakati kibandiko kinasema 2.5. Hilo si kosa la kiwanda: magari husafirishwa na upepo mwingi ili matairi yasibonyee upande mmoja yakisimama. Kosa ni kumkabidhi mteja hivyo. Na kebo ya kuchajia kwenye chaja ya ukutani haikuwemo kwenye buti. Nikaambiwa inauzwa kando. Nikafungua mkataba ukurasa wa vifaa, nikaweka kidole. Kebo ikaletwa.

La mwisho lilikuwa programu ya simu. Ilikataa kuniunganisha na gari, kwa sababu gari lilikuwa bado limesajiliwa kwenye akaunti ya duka. Usiondoke kabla hilo halijamalizika. Mtu mwenye akaunti hiyo anaweza kuona gari liko wapi na kufungua milango yake, na hilo kwangu ni jambo la usalama wa familia, si la kusubiri Jumatatu.

Baada ya hapo, gari. Na hapa nabadilisha sauti, kwa sababu nalipenda.

Linaondoka kwa ulaini ambao mama hulala ndani yake. Ukiinua mguu kwenye kanyagio, mota hugeuka kuwa jenereta, gari linapunguza mwendo na umeme unarudi kwenye betri. Kwenye foleni na miteremko sigusi breki isipokuwa kusimama kabisa. Usikae hivyo siku zote, hata hivyo: diski za breki zisizotumika hushika kutu, kwa hiyo mara mojamoja kanyaga kwa nguvu barabarani kukiwa peupe. Mjini linakula takriban kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, ambazo ni kama kilomita 400 kwa chaji. Barabara kuu kwa 120 linakula 20, ambazo ni 300. Hesabu yangu ya dukani ilisimama. Asubuhi za baridi linapungua zaidi, nami hulipasha joto likiwa bado limechomekwa ili joto hilo lisitoke kwenye betri.

LFP ina tabia yake ya kujifunza. Volti yake haibadiliki sana kutoka karibu imejaa hadi karibu inaisha, kwa hiyo kompyuta hupata shida kujua imebaki kiasi gani. Ndiyo maana kitabu cha maelekezo kinataka uijaze hadi asilimia 100 angalau mara moja kwa wiki, ipate pa kuanzia kuhesabu. Mwenye NMC huambiwa kinyume, abaki kwenye 80 kwa matumizi ya kila siku. Usichukue ushauri wa rafiki bila kujua betri yake ni ipi.

Kwenye kituo cha chaji ya haraka linakwenda kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa kama nusu saa. Baada ya 80 mwendo unashuka sana na kungoja 100 ni kupoteza wakati wako na wa aliye nyuma yako. Ile programu mpya iliyozuia gari yadini imefanya kazi yake. Sijakataliwa na kituo.

Lawama kwa waliolibuni: kasi ya waipa imefichwa ndani ya skrini, na mvua ya ghafla haikupi nafasi ya kutafuta menyu. Hiyo ni hatari, wairudishe kwenye kiwiko cha usukani. Mlio wa kukuonya umetoka kwenye mstari unajiwasha upya kila unapowasha gari, na barabara isiyo na mistari mizuri inauchanganya. Tairi la akiba hakuna, kuna chupa ya gundi na pampu. Nimenunua tairi langu nikaliweka kwenye buti, na buti limebana. Gari lina uzito wa zaidi ya kilo 1,700 na nguvu ya ghafla, kwa hiyo ukiondoka kwa fujo matairi ya mbele yatakwisha haraka. Yageuze mbele na nyuma kwa wakati.

Ukitaka kununua kwa oda, muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kutoa arubuni. Namba ya chesisi ikitoka nitaipata siku hiyohiyo? Na nani atanipigia tarehe ikisogea, jina lake nani? Akijibu kwa maandishi, kaa naye. Akicheka au akikwambia usijali, nenda duka la pili, au nunua gari lililopo tayari yadini hata kama rangi si uliyoitamani, ukishasoma matairi yake.

Kuna jambo moja la malipo bado. Walitaka kuniuzia pia mpango wa matengenezo wa miaka mitano, na nimeukataa. Niliomba orodha ya kinachofanywa kila huduma: hakuna oili ya injini, hakuna plagi za injini, hakuna mkanda. Kuna chujio la hewa ya ndani, ambalo nabadilisha mwenyewe, maji ya breki kila miaka miwili, na ukaguzi wa kipozeo cha betri. Nalipa kila kazi inapofanyika, kwa kijana yule wa karakana, na karatasi za kila huduma naziweka pamoja na hati ya dhamana, kwa sababu masharti ya dhamana yanataka ukaguzi ufanyike kwa wakati na uthibitishwe kwa maandishi.